Mshenga Alipotaja Mashua

Kamba zilikuwa zimeshafunguliwa na mashua imeachana na gati, ndipo bibi Mòr, kikongwe wa kijijini, akapiga kelele kutoka juu kwamba nimesahau buti zangu.

"Aonghas! Huko mwambani utakanyagia nini, mdomo wako?"

Gati zima likaangua kicheko. Buti zikarushwa. Moja ikaingia mashuani vizuri, ya pili ikampiga mjomba wangu Fionnlagh mgongoni, naye akatukana kidogo halafu akamwomba Mungu msamaha, kwa kuwa mzee wa kanisa alikuwa amekaa karibu yake. Mimi sikuwa na habari ya buti. Nilikuwa namtafuta Raonaid.

Alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, kitambaa kichwani, mikono ameificha ndani ya aproni. Hakunipungia. Kwetu Nis, ncha ya kaskazini ya kisiwa chetu, msichana hampungii mkono mwanamume asiye wake mbele ya watu, labda awe amechoka kuishi kwa amani. Kwa hiyo mtu hujifunza kusoma macho. Yale ya Raonaid yalikuwa ya kijivu, na siku ile yalinishika tangu gatini mpaka tulipopita mawe ya nje, hayakuniacha hata alipoguswa bega na mwenzake akaambiwa jambo. Nimezunguka dunia baada ya hapo. Nimetazamwa na wanawake katika bandari ambazo majina yake siwezi kuyatamka sawasawa. Vile sijatazamwa tena.

Mama yake, Ceit, hakuitazama mashua. Alikuwa amekuja kumsindikiza mumewe, Tormod, aliyekuwa mkubwa wetu wa safari. Alimpa fulana yake ya sufu, akamfunga kifungo cha shingoni kama mtoto, kisha akageuka akautazama ukuta wa ghala mpaka tukaondoka.

Alikuwa na sababu. Mwanawe wa kiume, Calum, alitoka kwenye gati hilohilo miaka michache nyuma, ndani ya mashua ya mjomba Fionnlagh, wakaenda kutega ndoana. Wimbi moja likapanda ubavuni. Mashua ilirudi. Fionnlagh alirudi. Calum hakurudi, na hata maiti haikuokotwa. Tangu hapo Ceit na mjomba wangu walisalimiana kanisani kwa kichwa tu, na kichwa chenyewe kilikuwa kizito.

Na mimi, kati ya wasichana wote wa kaskazini ya kisiwa, nikampenda binti wa Ceit. Tulikua pamoja. Utotoni tulikuwa tukitoroka kwenda kwenye magenge ya bahari kutafuta mayai ya ndege. Mimi nashuka, yeye anashika kamba juu huku akiniimbia nyimbo za kukamulia ng'ombe ili nisiogope. Nilikuwa namwambia siogopi. "Basi mbona kamba inatetemeka?" anauliza. Nikirudi juu anakunja uso, ananifuta tope shavuni kwa mate na kidole gumba. Siku moja, tukiwa wakubwa tayari, alinifuta tope na kidole kikakaa. Tulikula mayai mabichi tukarudi nyumbani kwa njia mbili tofauti.

Kule mwambani tulikuwa tunakwenda kila mwisho wa kiangazi kuwawinda guga, makinda ya wale ndege weupe wakubwa wa baharini. Ni jiwe tupu katikati ya bahari kuu, halina mti, halina maji. Tunalala ndani ya vibanda vya mawe. Asubuhi na jioni tunasoma Zaburi. Katikati yake ni kamba, damu, manyoya na chumvi. Mtu aliyekula guga kwa viazi hahitaji kuelezwa kwa nini tulikwenda, na ambaye hajala hawezi kuelewa.

Basi siku moja ya upepo nilikuwa nimening'inia kwenye genge, Tormod ananishikia kamba. Bahari chini yangu inachemka. Sauti yake ikashuka, tulivu kabisa.

"Aonghas, uko salama huko?"

"Niko salama, mzee."

"Umekanyaga vizuri?"

"Vizuri, mzee."

"Haya. Una nia gani na binti yangu?"

Nikamwachia guga niliyekuwa nimemshika. Akaniuma mkono kwa shukrani.

"Mzee, mazungumzo haya si yangefaa tukiwa juu?"

"Juu utaweza kukimbia."

"Nataka kumwoa, mzee."

"Hilo hata kondoo wa kijiji wanalijua. Nauliza nia. Mtu anaweza kuoa leo na kesho yuko Australia. Babu yako alikwenda kununua chumvi akarudi baada ya miaka sita."

"Chumvi ilikuwa mbali."

Kamba ikalegea kidogo tu, kiasi cha kunifanya nimkumbuke Muumba.

"Mzee! Nitakaa! Nitamtunza! Nitakaa!"

"Vizuri," akasema, akanivuta.

Nilipofika juu alinipa tumbaku, akatazama upande wa nyumbani. Kisha akasema, "Mimi sina neno nawe. Mwenye neno ni Ceit. Nimezungumza naye majira yote ya baridi. Amekubali mje kuposa, kwa sababu anaona msichana hali vizuri. Lakini ana sharti, na ukilivunja mimi siwezi kukusaidia. Mshenga wako ni nani?"

"Mjomba Fionnlagh. Mwingine wa kufaa sina, baba yangu ameshafariki."

"Nilijua." Akatema mate. "Basi sikiliza. Ceit amekubali hata Fionnlagh aingie nyumbani kwake. Anasema labda ni wakati. Ila mwambie aombe mwanakondoo. Umenielewa? Mwanakondoo. Neno mashua lisitajwe chini ya paa langu."

Nilimwelewa. Kwetu binti haombwi kwa jina lake. Mshenga huingia akasema amesikia wenyeji wana mwanakondoo jike anayehitaji malisho, au mashua iliyolala ufukweni bila nahodha, na watu wake wangependa kuichukua waitunze. Wenyeji nao huwatoa wanawake wengine kwanza, mmoja baada ya mwingine, kuwajaribu wageni: Je, ni huyu? Mshenga humsifu kila mmoja na kumkataa kwa adabu, mpaka atoke mwenyewe aje akae kando ya mposaji. Familia za wafugaji huomba kondoo. Sisi wavuvi huomba mashua. Na hakuna mtu Nis nzima aliyejua kuomba mashua kama mjomba Fionnlagh. Watu walikuwa wakitembea mvuani kwenda kumsikiliza tu.

Nikamwambia jioni ileile, tukinyonyoa manyoya.

"Kondoo?" akasema. "Mimi na kondoo wapi na wapi, mpwa wangu? Najua wana miguu minne."

"Inatosha hiyo, mjomba."

"Nitasema nini? Sufu nzuri?"

"Sema sufu nzuri."

Akaacha kunyonyoa. Alikuwa mtu wa mzaha mpaka usingizini, lakini dakika ile uso wake ulikuwa wa mtu mwingine. "Kwa ajili ya mama yule," akasema, "nitaomba hata kuku."

Na kwa kweli alijitahidi. Tuliporudi alikuwa akifanya mazoezi malishoni, anawahutubia kondoo wa mama yangu, nao wanamtazama.

Tulikwenda alasiri ya Ijumaa, jua bado liko juu ya bahari. Nyumba ya Tormod ilikuwa imejaa. Moto wa udongo mweusi, ule tunaouchimba na kuukausha tuchome, unawaka, viazi, samaki wa chumvi, jibini, chupa ya wiski katikati ya meza. Nikawekwa kwenye benchi refu, upande wangu wa kulia ukaachwa wazi. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefungwa, na nilijua nani yuko nyuma yake kwa sababu wasichana walikuwa wanacheka humo na kunyamazishana.

Ceit alikaa karibu na moto. Nguo nyeusi, mikono mapajani. Fionnlagh alipoingia alivua kofia, akasimama mbele yake akiizungusha mikononi. Ceit akamtazama muda. Kisha akasema, "Kaa, Fionnlagh. Chai iko." Watu wakapumua.

Tormod akamimina wiski, akasema, "Haya, wageni. Mmepotea njia?"

"Hatukupotea," akajibu mjomba, akajikohoza. "Tumesikia kwenye nyumba hii kuna mwanakondoo jike. Malisho yenu ni mazuri, hatukatai, lakini yamebana. Sisi tuna kijana mwenye malisho mapana, na, na, ana ukuta mzuri wa mawe."

"Mwanakondoo wetu ni mkaidi," akasema Tormod.

"Kijana wetu ana subira."

"Huwa anapiga teke."

"Kijana wetu ameshapigwa."

Kicheko. Hata Ceit mdomo ulicheza kidogo. Mimi niliuona, nikahisi kama mtu aliyeshushiwa mzigo begani.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, akatoka bibi Mòr. Miaka yake ilipita sabini, amejifunga shali ya bibi arusi, akaja akajibwaga pembeni yangu akanishika goti.

"Je, ni huyu?" akauliza Tormod.

"Sema ni mimi," Mòr akanong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Nina ng'ombe, na sitakusumbua muda mrefu."

Nyumba ikavunjika kwa kicheko. Mjomba akampa heshima zote. "Huyu ni kondoo wa thamani," akasema. "Lakini sufu yake imeshawapa joto wengi, nasi tungeona haya kuwanyima."

"Wengi!" Mòr akapiga kelele. "Wawili tu, na wa pili alikuwa mgonjwa!"

Akatoka Seonag, jirani, mke wa mtu, tumbo limefika mbele kabla yake. Mjomba akasema huyu ameshatiwa alama sikioni na mchungaji mwingine, na inaonekana mchungaji hakulala. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mume wa Seonag alicheka kuliko wote. Mjomba alikuwa amesimama sasa, glasi mkononi, mashavu mekundu, miaka imemtoka mwilini. Ilikuwa kama zamani, kabla ya Calum. Watu walimwangalia kama walivyokuwa wakimwangalia zamani, na yeye aliwaona. Nadhani ndicho kilichomponza. Furaha ilimchukua, ulimi ukarudi wenyewe kwenye njia uliyoizoea.

"Hapana, Tormod, hapana!" akasema, mkono juu. "Usituchoshe. Sisi tumekuja kwa ile mashua mpya mliyoificha chumba cha nyuma. Tunayo bandari, tunaye nahodha. Tupe sisi, na mikononi mwetu haitapotea baharini!"

Ndivyo alivyokuwa akimalizia siku zote. Ndipo watu hupiga makofi.

Hakuna aliyepiga. Nilisikia udongo ukipasuka motoni. Glasi ya mjomba ilikuwa bado juu, na nikauona uso wake ukielewa, polepole, kutoka kwenye paji mpaka mdomoni.

Ceit akasimama.

"Mashua yako ilirudi, Fionnlagh," akasema. Hakupaza sauti. "Iko ufukweni mpaka leo, naiona nikienda kuchota maji. Niliyekupa mimi ndiye hakurudi."

"Ceit," akasema mjomba. "Mama Calum. Ulimi tu. Naapa."

"Najua ni ulimi."

"Mke wangu," akasema Tormod, "mtu ameteleza. Mwache aanze upya."

"Aanze. Mimi simzuii. Lakini nimemsikia, na siwezi kutosikia."

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka bila kuitwa mtu. Raonaid akatoka. Gauni la bluu, nywele amezifunga upya, shingo wazi. Sijawahi kumwona mzuri vile, na wala si kwa sababu ya gauni. Kwa desturi yetu alitakiwa aje moja kwa moja akae mahali pale pa wazi kando yangu. Akikaa, yamekwisha, hakuna wa kuwatenganisha. Mama yake hangemkataza. Mama yake alikuwa amesimama tu katikati ya nyumba yake mwenyewe kama mtu aliyesahau alichofuata.

Raonaid alinitazama. Alinitazama kama siku ile ya gatini, bila kupepesa, na mimi niliweka mkono wangu juu ya benchi, pale patupu. Sikujua nimeuweka.

Kisha akatembea hadi karibu na moto, akamshika mama yake mkono, akamkalisha, akakaa kando yake.

Kwetu posa haina neno la kukataliwa, chupa huzibwa tu. Tormod alichukua kizibo, akakirudisha kwenye chupa. Bibi Mòr akaivua shali ya bibi arusi akaikunja. Watu wakaanza kutafuta kofia zao.

Nilimsubiri nje, nyuma ya lundo la udongo wa kuchoma. Nilijua atakuja, akaja. Jua lilikuwa limegusa maji, upepo unavuta gauni lake upande mmoja.

"Umevaa buti za kanisani," akasema. "Zitaharibika humu matopeni."

"Raonaid."

"Usiseme kwanza."

"Kesho kuna basi la kwenda Steòrnabhagh, bandarini. Kuna meli ya jioni. Binamu yangu yuko Glasgow, ana chumba. Tutafunga ndoa huko, tukirudi watakuwa wamezoea."

"Watu watazoea. Watu huzoea kitu chochote."

"Basi?"

"Mama hajazoea. Unajua anavyofanya? Kila jioni anaweka sahani ya Calum, halafu anaiondoa kabla Baba hajaingia. Anadhani hatujui. Nikiondoka na wewe, ataweka mbili."

"Mimi sikumwua Calum."

"Hukumwua. Hata mjomba wako hakumwua. Leo alikuwa anachekesha kweli, nilicheka huko ndani mpaka nikajishika mbavu." Akatabasamu, na tabasamu likamharibikia usoni. "Tena nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango. Alibakiza neno moja tu, Aonghas."

"Nitaacha bahari. Nitanunua kitanda cha kufumia nguo, nitafuma."

"Wewe? Wewe huwezi kukaa kimya mpaka mchungaji amalize sala."

"Nitajifunza."

"Utajifunza, ndiyo. Utafuma shuka moja, utaitazama bahari dirishani, utafuma ya pili. Halafu utaanza kunichukia polepole, nami nitaona." Akanisogelea. Akaweka kidole gumba shavuni kwangu, ingawa hapakuwa na tope. "Nataka uniahidi jambo."

"Lolote."

"Usiniombe tena. Nimetumia nguvu zangu zote mle ndani, hazijabaki. Ukiniomba mara moja zaidi nitakuja. Nitapanda hilo basi hivi nilivyo, na gauni hili. Na nitakuwa nimemuua mama."

Hakuwa akinitisha. Alikuwa ananieleza tu, kama mtu anavyomweleza mwenzake mahali mwamba ulipo chini ya maji. Midomo yake ilikuwa imefunguka kidogo. Macho yale ya kijivu yalikuwa yanasema kitu kingine kabisa, yalikuwa yananisihi nisimsikilize. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi wangu. Neno fupi. Njoo. Hata mtoto anaweza kulisema.

Ndani ya nyumba tulisikia Ceit akikusanya sahani.

"Upepo umegeukia kaskazini," nikasema.

Raonaid akafumba macho. "Ndiyo," akasema. "Umegeuka." Akasimama hivyo kidogo, kidole bado shavuni kwangu, kisha akakiondoa akaingia kumsaidia mama yake.

Jumatatu niliandikisha jina kwenye meli ya wavua nyangumi, nikaenda kusini ya dunia.

Mjomba Fionnlagh hakuwa mshenga tena. Aliuza mashua yake kwa mtu wa kisiwa kingine, akafuga kondoo, na hakuwa hodari. Alikufa kwa kifua. Tormod aliongoza safari za mwambani mpaka magoti yakamkataa, akafia kitandani. Bibi Mòr aliolewa mara ya tatu na akamzika na huyo. Ceit aliishi miaka zaidi ya tisini na akili zake zote.

Raonaid aliolewa na mfumaji wa Bragar, mtu mpole. Mshenga wao aliomba mwanakondoo na hakukosea. Walipata watoto watatu, wa kwanza anaitwa Calum. Mfumaji alifariki zamani. Mimi nilikaa na nyangumi mpaka kazi ile ikafa, nikaenda New Zealand, nikaishi na mwanamke mwema wa Dunedin miaka kadhaa, nikaondoka. Nilifanya kazi Kanada kwenye mito ya samaki. Sasa niko Glasgow, ghorofa ya pili, na ngazi zinanichosha.

Raonaid yuko hai. Anaishi Inverness kwa binti yake. Naambiwa masikio yamekufa kabisa, hata ukipiga simu hasikii. Hata nikimwambia njoo sasa, hatalisikia.